Rangi ya mchanga ukutani: anza na sakafu, kadi zije baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tunapaka nyumba upya na mimi nimezichoka kuta za bluu. Nataka rangi tulivu ya mchanga, ile kahawia nyepesi isiyochosha macho, sebuleni, kwenye korido na kwenye vyumba viwili vya kulala. Nimekusanya kadi za sampuli, lakini nikizishika mkononi zote naziona zilezile. Nikanunua kopo dogo la ile niliyoipenda zaidi, nikapaka kiraka juu ya bluu ya sebuleni. Mchana kilipendeza kiasi. Usiku nilipowasha taa kikageuka pichi, karibu kiwe waridi. Sakafu ya sebule ni vigae vya krimu vyenye umanjano, kochi ni la kijivu, taa za sebuleni ni za mwanga wa njano ila za korido ni nyeupe sana. Korido haina dirisha, na chumba kimoja cha kulala kina mti mkubwa nje ya dirisha. Nichague rangi ipi? Naweza kutumia moja nyumba nzima? Na dari niipake nini?

Jibu: Nzuri, na asante kwa kueleza kila kitu, maana wengi huniandikia “nataka beji”, yaani hiyo kahawia nyepesi, wakaishia hapo.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Tafuta kahawia nyepesi inayoegemea njano kwa mbali, iliyotulizwa kwa ukijivu kidogo, isiyo na wekundu wa kuonekana. Hiyo itafaa sebuleni na kwenye korido pia, ukishabadilisha taa za korido. Chumba chenye mti kinahitaji rangi yake. Kile kingine cha kulala nitakuachia mwenyewe kwa sharti moja, nalo nitalitaja huko mbele. Kiraka chako kisikukatishe tamaa. Kilichotokea ni kwamba rangi ya kopo, bluu ya ukuta na taa vyote vilisema kwa pamoja, ukashindwa kujua nani kasema nini. Tuvitenganishe.

Tuanze na kopo lenyewe. Kahawia nyepesi ya ukutani haitoki kwenye kopo la kahawia. Fundi wa mashine ya kuchanganyia huanza na rangi nyeupe, halafu mashine inadondosha matone ya njano ya udongo, nyekundu ya udongo, hudhurungi iliyoiva na nyeusi. Ukipima ndani yake, ni chungwa iliyofifishwa kwa nyeupe nyingi na kutiwa giza kidogo. Sasa angalia matone hayo yanavyocheza. Nyekundu ikizidi kidogo tu, unapata pichi au waridi. Njano ikizidi, unapata krimu nzito ya siagi. Nyeusi ikikutana na njano nyingi, kinachotoka kina ukijani, kwa sababu nyeusi na njano zikichanganywa huzaa kijani cha zeituni. Ukitaka kuamini, chukua vijiko viwili na sahani, jaribu nyumbani. Na wekundu ukikutana na nyeusi bila njano ya kutosha, rangi huelekea kwenye kijivu chenye uzambarau. Tofauti kati ya kopo moja na jingine ni matone machache, na ndiyo maana kadi zako zote zinafanana mkononi lakini zikifika ukutani kila moja inaonyesha tabia yake.

Kwa hiyo hakuna kahawia nyepesi isiyoegemea popote. Watu huziita rangi za kati wakidhani zinakubaliana na kila kitu, na mimi naona hapo ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia. Mtu akichagua kijani iliyokolea, atafikiri mara tatu kuhusu mapazia. Akichagua beji anaona hakuna la kufikiri.

Kuuona mwegemeo wa kadi kuna njia ambazo hazina gharama. Weka kadi zote juu ya karatasi nyeupe ya kuchapia, karibu na dirisha, taa zikiwa zimezimwa, zikigusana bila nafasi katikati. Usiulize “hii ni nzuri?” Uliza “ipi kati ya hizi mbili ina wekundu zaidi?” Jicho letu ni dhaifu sana katika kutaja rangi iliyo peke yake, ila katika kulinganisha ni kali. Ndani ya dakika chache utaona moja imeelekea kwenye pichi, nyingine kwenye majani makavu. Pia kama kadi ni ule mkanda wenye rangi kadhaa kuanzia nyepesi hadi nzito, tazama ile nzito kabisa ya chini. Mara nyingi zimetoka familia moja, na ile nzito haiwezi kuficha asili yake. Kama ya chini ni matofali, ya juu itakutolea wekundu ukutani hata kama kwenye kadi inaonekana mchanga mtupu. Majina yaliyoandikwa nyuma ya kadi yapuuze. Jangwa, ngano, ganda la bahari: hayo ni ya kuuzia.

Sasa sakafu. Katika chumba kuna vitu unavyoweza kuvibadilisha kwa wikendi moja, na vingine utakaa navyo miaka. Vigae, kaunta ya jikoni, kabati zilizojengewa ukutani na milango ya mbao ni vya kundi la pili. Rangi ya ukuta ndiyo rahisi kuliko vyote kubadilika, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayopaswa kuvifuata vingine. Chukua ile karatasi nyeupe, iweke juu ya kigae mchana, uchuchumae uangalie. Kigae ambacho siku zote ulikiona cheupe kitaonyesha rangi yake pembeni ya karatasi. Umesema vyako vina umanjano, nami nakuamini, lakini thibitisha. Angalia hasa ile michirizi au madoa yaliyomo ndani ya kigae, maana wakati mwingine kigae ni njano lakini madoa yake ni ya kijivu au ya hudhurungi, na hayo madoa ndiyo yatakayokupa rangi ya ukuta bila kuhangaika.

Sakafu ya umanjano na ukuta wa uwaridi ni lila na fila. Kila kimoja kinaharibu kingine: kigae kinaonekana kama kimechakaa, ukuta nao unafanana na plasta ya kubandika kidonda. Hiyo ndiyo sababu namba moja ya kukuambia uachane na kopo lako dogo kwa sebule. Hata kabla ya kugusa habari ya bluu na taa, kama rangi ile ina wekundu, haina maisha na vigae hivyo.

Ila usikimbilie upande wa pili ukachagua ukuta wenye njano sawasawa na sakafu. Chumba kizima kitakuwa siagi tupu, na macho yatakosa pa kupumzikia. Ndiyo maana nimesema njano iliyotulizwa. Ukuta na sakafu viwe upande mmoja, lakini rangi ya ukuta ikolee kidogo zaidi ya sakafu, na umanjano wake uwe pungufu kuliko wa sakafu. Mtu akiingia asiweze kusema “umeoanisha.” Aone tu kwamba chumba kimetulia.

Kuhusu kochi la kijivu, kuna jambo la kuangalia. Kijivu kikikaa mbele ya ukuta wa kahawia huonekana na ubluu kuliko kilivyo, na kadiri ukuta unavyokuwa wa chungwa zaidi ndivyo kochi linavyozidi kuwa la bluu. Ukuta uliotulizwa kwa ukijivu utalipokea kochi hilo vizuri zaidi. Ukiona bado havijazoeana, tupa kochini mito miwili yenye rangi ya mchanga au hudhurungi. Hakuna haja ya kuuza kochi.

Jambo hilo la rangi kubadilishwa na jirani yake lilichunguzwa kwa kina na Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyesimamia idara ya upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba weusi wa nyuzi za kiwanda umefifia. Akapima, akakuta nyeusi ile ni safi kabisa. Tatizo ni rangi zilizofumwa pembeni yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake kwamba rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyenzake kuelekea rangi iliyo kinyume yake. Sasa kinyume cha bluu ni chungwa. Wewe umepaka kiraka cha kahawia nyepesi, ambacho tayari kina chungwa ndani yake, katikati ya ukuta mzima wa bluu. Bluu ile imekisukuma kiwe chungwa zaidi. Ungekipaka kiraka hichohicho kwenye ukuta wa krimu, ungekiona kimepoa. Na ungekipaka kwenye ukuta uliokuwa wa pichi, ungeweza kuapa kuwa ni kijivu.

Hivyo usijaribu tena rangi juu ya ukuta wa bluu. Tafuta kipande cha hadibodi au plaiwudi nyembamba, kikubwa kiasi, angalau sentimita 60 kwa 60. Kipake praima nyeupe (rangi ya msingi) kwanza, kisha mikono miwili ya rangi unayoijaribu, ukiacha mkono wa kwanza ukauke vizuri. Paka mpaka ukingoni. Tengeneza ubao mmoja kwa kila rangi, na usizidishe rangi tatu; zikizidi hapo hutachagua, utachanganyikiwa tu. Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi za maji zikiwa hazijakauka zina weupe wa maziwa unaotokana na gundi iliyomo ndani, na maji yakishaondoka gundi hiyo inakuwa angavu, rangi inakolea. Watu wengi huingiwa hofu wakati wa kupaka wakasema imekuwa nyeupe mno, kesho yake wanasema imekuwa nzito mno, na rangi ni ileile.

Ubao usimamishe wima, uegemeze ukutani. Ukiulaza mezani unapokea mwanga wa dari moja kwa moja na unaonekana mweupe kuliko ukuta utakavyokuwa. Uzungushe: ukuta unaotazamana na dirisha, ukuta ambao dirisha limo ndani yake (huo huwa na giza kuliko yote, na ndio watu husahau kuujaribu), kona ya nyuma ya mlango. Uangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwaka. Bluu inayokuzunguka ifunike kwa shuka nyeupe wakati unaangalia. Kama huna haraka, bora zaidi umwambie fundi apige praima nyeupe kuta zote kwanza, ndipo ufanye uchaguzi. Praima ile utaihitaji hata hivyo, kwa sababu bluu iliyokolea chini ya kahawia nyepesi itajitokeza na kuipoza rangi yako, na utajikuta unalipia mkono wa tatu.

Kuna jambo ambalo hata ubao mkubwa hauwezi kukuonyesha kikamilifu. Chumba kikishapakwa kuta zote nne, mwanga unagonga ukuta huu, unabeba rangi yake, unaenda kugonga ule, unarudi. Kila mdundo unaongeza rangi. Ndiyo maana mwegemeo uliouona kwa mbali kwenye kadi unakuwa dhahiri kwenye chumba kizima. Ukijikuta umekwama kati ya rangi mbili zinazokaribiana, chukua ile iliyopoa, yenye ukijivu zaidi. Chumba chenyewe kitaiongezea joto. Sijawahi kujutia ushauri huu kwa mteja wa rangi za kahawia, ila kwa mwenye chumba chenye giza nitautaja tena kwa tahadhari.

Tuje kwenye taa, ambazo ndizo zilizomalizia kiraka chako. Kwenye boksi la taa kuna namba yenye herufi K, yaani Kelvini. Taa za 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wa njano-chungwa, zile za 4000 ni nyeupe ya kati, na zile za 6500 hutoa mwanga mweupe wenye ubluu. Sebule yako ina taa za njano, bila shaka za karibu na 2700. Taa ya namna hiyo ina wekundu na njano kwa wingi na bluu kidogo, kwa hiyo wekundu wowote uliojificha kwenye rangi unatolewa nje. Kahawia yenye tone la nyekundu ilikuwa imevaa vizuri mchana. Usiku taa ikaivua nguo. Korido nayo, kama ni 6500, itafanya kinyume: rangi nzuri ya mchanga itakuwa na ukijivu mgonjwa, na kama ina ukijani, utauona wote.

Mimi ningeweka taa za 3000 nyumba nzima, sebule na korido zifanane, kabla ya kuchagua rangi yoyote. Ni mabadiliko ya bei ndogo kuliko kopo la rangi na yanafanya kazi kubwa kuliko kopo. Usiku ukisimama sebuleni ukatazama koridoni, rangi moja chini ya taa mbili tofauti itaonekana rangi mbili, na utamlaumu fundi bure. Tazama pia herufi CRI kwenye boksi. Hizo zinaonyesha taa ina uwezo gani wa kuonyesha rangi za vitu kama zilivyo. Kipimo chake cha juu ni 100, taa nyingi za kawaida ziko 80, na ukipata ya 90 na kuendelea, rangi tata kama hizi za udongo zitakuwa na uhai zaidi.

Mwanga wa jua nao haufanani kwenye kila dirisha. Kanuni ya vitabuni inayosema dirisha la kaskazini lina mwanga baridi ni kweli kwa walio kaskazini mwa dunia. Kusini mwa ikweta ni dirisha la kusini, na karibu na ikweta jua hubadilisha upande kufuatana na miezi. Kwa hiyo achana na dira, tazama chumba. Jua likiingia moja kwa moja asubuhi au jioni, chumba kitapata vipindi vya mwanga wa dhahabu, na hapo rangi iliyopoa inavumilia zaidi. Chumba kisichopata jua moja kwa moja kinapata mwanga wa anga, wenye ubluu, na hapo rangi yenye ukijivu mwingi inakufa kabisa. Hii ndiyo ile tahadhari niliyoiahidi: chumba cha namna hiyo kipe umanjano kidogo zaidi. Na hilo ndilo sharti la kile chumba chako cha pili cha kulala. Kama kinapata jua, tumia rangi ya sebuleni ukipenda. Kama hakipati, panda hatua moja kuelekea njano.

Chumba chenye mti kina kisa cha peke yake. Mwanga unaoingia humo umepita kwenye majani au umegonga majani, kwa hiyo unaingia ukiwa na kijani. Rangi uliyonayo sebuleni, ambayo haina wekundu, itageuka ya zeituni humo mchana kutwa. Hapa, na hapa tu, ndipo lile kopo dogo ulilonunua linaweza kupata kazi! Wekundu kidogo wa rangi ile unazima ukijani wa majani, na matokeo yake ni kahawia iliyotulia. Lijaribu kwenye ubao ndani ya chumba hicho mchana kabla hujalitupa. Usiku, taa ikiwaka na mti ukiwa gizani, wekundu utarudi kidogo, ila kwa chumba cha kulala joto la usiku si tatizo. Kama sakafu ya chumba hicho nayo ni ya vigae vya njano, basi weka zulia kubwa kati ya sakafu na ukuta, vitu viwili visivyopatana visigusane sana.

Umeuliza ipi, nami sijagusa uzito wa rangi. Nyuma ya kadi nyingi kuna herufi LRV na namba. Hiyo ni asilimia ya mwanga unaorudishwa na rangi: 0 ni giza kamili, 100 ni nyeupe kamili, na nyeupe za kawaida za ukutani huwa kwenye themanini na kitu. Kahawia nyepesi nyingi huangukia kati ya 45 na 65. Kwa sebule yako ningetafuta 58 hadi 65. Chini ya 50 utahitaji taa nyingi zaidi au madirisha makubwa, na juu ya 70 huwi tena kwenye mchanga, umeingia kwenye krimu, na mbele ya vigae vya krimu ukuta utapotea.

Korido isiyo na dirisha huwatia watu wasiwasi. Wanaipaka nyeupe kabisa ili iwe na mwanga. Nyeupe haitengenezi mwanga, inarudisha ulioupata, na pasipo mwanga nyeupe inakuwa kijivu cha mwanga hafifu. Kahawia ya LRV 60 chini ya taa nzuri inapendeza kuliko nyeupe chini ya taa mbaya. Ndiyo maana nimesema rangi ya sebule iendelee mpaka koridoni. Ukitaka, mwambie muuzaji akuchanganyie fomula ileile kwa nguvu ya asilimia 75 kwa ajili ya korido. Inawezekana kwenye mashine, ila si kila mara ile nyepesi hubaki na mwegemeo uleule, kwa hiyo ijaribu ubaoni kwanza.

Kama ulikuwa unafikiria kuchukua rangi ya kampuni moja ukaigizwe kwa bei nafuu kwenye kampuni nyingine, kwa rangi hizi kuwa mwangalifu. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa matone tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, zikaachana ukifika nazo nyumbani. Wataalamu wanaita hali hiyo metamerizimu. Si kasoro ya mtu, ni fizikia. Ukikubali kuiga, ichukulie ile iliyoigwa kama rangi mpya kabisa, uijaribu kwenye ubao wake. Vilevile usinitumie picha za simu ukiniuliza ipi nzuri. Kamera ya simu husahihisha mwanga yenyewe, na kwa rangi za kati inasahihisha hata kile tunachotaka kukiona.

Dari usiipake nyeupe inayong'aa kwa ubluu. Nyeupe ya namna hiyo juu ya ukuta wa mchanga inafanya ukuta uonekane mchafu, na mtu atadhani rangi ndiyo mbaya. Chukua nyeupe yenye joto kidogo, isiyong'aa, na nyeupe hiyohiyo itumie kwenye fremu za milango na ubao wa chini ya ukuta, safari hii yenye mng'ao wa nusu kwa sababu hivyo vitaguswa na kufutwa. Kama dari ni ya chini, kuna wanaopaka dari rangi ya ukuta ili mstari wa juu upotee; inafanya kazi, ila kwa nyumba yako sioni sababu.

Kwenye kuta, mng'ao chagua kwa hali ya ukuta na matumizi yake. Rangi isiyong'aa huficha mabonde na viraka vya plasta, na kahawia huwa tulivu ndani yake. Silki, yaani rangi yenye mng'ao kiasi, hufutika kwa urahisi lakini inaonyesha kila kosa la fundi, hasa kwenye korido ambako taa inateleza sambamba na ukuta. Mimi ningeweka isiyong'aa ya aina inayooshwa kila mahali. Kumbuka tu kwamba rangi ileile kwenye mng'ao tofauti huonekana tofauti, kwa hiyo ubao wa majaribio upakwe kwa mng'ao utakaonunua.

Hesabu ya makopo si ngumu. Jumlisha urefu wa kuta nne, zidisha kwa kimo, toa mlango na dirisha, zidisha kwa mikono miwili, gawanya kwa 10 (mita za mraba kwa kila lita). Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 40.5, ukitoa mlango na dirisha la kawaida unabaki na kama 37, mikono miwili ni 74, yaani lita saba na nusu hivi. Ukuta uliopigwa praima na kupigwa msasa vizuri unaweza kukupa mita za mraba 12 kwa lita, ukuta mkavu wenye kunywa hautafika hata 10. Kama kuna sehemu umepiga plasta mpya, iache ikauke kwa takriban wiki nne kabla ya kuipaka, la sivyo unyevu uliomo utasukuma chumvi nyeupe juu ya rangi yako.

Nunua rangi yote ya sebule na korido siku moja. Kabla fundi hajaanza, mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, ukoroge rangi pamoja, kisha uirudishe kwenye makopo. Tofauti ya tone moja kati ya kopo na kopo haionekani kwenye kifuniko, ila ikianzia katikati ya ukuta utaiona kila siku. Karatasi ya fomula iliyobandikwa juu ya kopo ipige picha, na lita moja ya mwisho ifunge vizuri uihifadhi mahali pasipo jua, uandike juu yake jina la chumba na tarehe. Watoto wakichora ukutani, utahitaji hiyo.